Tupeane uzoefu: Krismasi kanisa lenu lilipeleka nini, na waliopokea walisema nini?

Wakuu, heri ya Majilio.

Niko Kirumba, Mwanza, na huu ni mwaka wangu wa sita kwenye kamati ya huruma ya kanisa letu. Kila Desemba tunapitisha bahasha, tunakusanya mchele, mafuta, sukari na nguo, tunagawa kabla ya mkesha. Ripoti ya kamati huandika idadi ya viroba tu. Mimi nataka tuelezane yale yasiyoandikwa: mlimpelekea nani, nini, na yeye alisemaje. Naanza.

Krismasi ya 2023 tulikwenda mwaloni, pale ufukweni mitumbwi ya uvuvi inapofikia, kwa akina mama wanaoanika dagaa. Ilikuwa mbalamwezi. Mlio mbali na ziwa mfahamu kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inavutwa nchi kavu, na mwalo mzima unakaa siku kadhaa bila hela. Tulikuwa na viroba arobaini vya mchele. Kwaya ikaimba, mwinjilisti akaomba, tukagawa.

Mama mmoja alipokea cha kwake, akashukuru, kisha akanishika mkono hadi kwenye chanja yake. Chini yake kulikuwa na gunia limefungwa kwa kamba. Akalifungua. Dagaa wa giza lililopita, walinyeshewa kabla hawajakauka. Wamegeuka manjano, vichwa vimekatika, harufu imeshapanda. Akachota kiganja kimoja akaniwekea mkononi. "Hawa sasa ni chakula cha kuku," akasema, "na hela ya kuwanunulia nilikopa kwenye kikoba. Mchele tutaula, mwanangu, Mungu awabariki. Ila tungepata turubai."

Miaka yote hiyo tunakwenda pale, na hakuna kati yetu aliyewahi kuwauliza. Iliniuma.

Kwenye kikao cha Februari nikalileta jambo hilo. Wapo waliopinga, na walikuwa na hoja: siku ya kuzaliwa Bwana mtu apate pilau kama wengine. Mwishowe tukakubaliana kugawanya fungu. Krismasi ya 2024 iliangukia giza, maana yake kazi ingekuwa imepamba moto na mvua za Desemba zipo. Kwa hiyo maturubai tuliyapeleka mapema, mwanzoni mwa mwezi, moja kwa akina mama watatu. Tarehe 25 baada ya ibada nikapita mwaloni. Wingu lilikuwa linasogea kutoka ziwani. Nikawaona wameshika pembe nne, wanalivuta turubai juu ya dagaa, mtoto anafuata nyuma anaweka mawe. Tone la kwanza likaanguka kila kitu kimeshafunikwa.

Karibuni.

Mdau wa Mabatini

Kwetu mtaani mbuzi wa Krismasi huchinjwa na jirani yetu Mwislamu, ili tukipakua asibaki mtu anayetazama tu. Ni desturi tuliyoikuta kwa wazazi. Kwenye Idi zamu inageuka, sahani zinakuja kwetu.

Mdau wa Ukerewe

Bwana Yesu asifiwe. Sisi ni kanisa dogo kisiwani, fedha taslimu hakuna. Watu wanaleta muhogo, machungwa, mayai, mara nyingine sato. Baada ya ibada tunafanya mnada pale nje, chini ya mwembe.

Jumapili moja kabla ya Krismasi bibi mmoja mjane alileta mtetea. Ndiye kuku pekee aliyebaki naye, kideri kilikuwa kimewamaliza wengine. Mwenyekiti wa kwaya akamnunua, akamrudisha mezani. Akanunuliwa tena na mwalimu, naye akamrudisha. Mara nne, wakuu. Mara ya nne mzee wa kanisa akamlipia, akamshika miguu, akatembea naye taratibu mpaka kwa yule bibi, akamkabidhi kwa mikono miwili: "Shikamoo mama, kuku wako huyu." Bibi hakutamka neno. Alivua kitenge alichojifunga begani akamfunika yule kuku, jua lilikuwa kali.

Fedha za mnada hatuzili Krismasi. Tunazitunza hadi shule zifunguliwe, maana Januari ndipo mzazi wa huku anapokosa usingizi: daftari, sare, viatu.

Mdau wa Bugando

Mimi ni WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania. Bugando ni hospitali ya rufaa ya kanda nzima ya ziwa, wagonjwa wanatoka hadi Kagera, Mara na Simiyu, na ndugu zao wanakuja nao bila kujua watakaa siku ngapi. Mwaka wa kwanza tulibeba biskuti na juisi. Mama aliyetoka Ngara na mwanawe akatuuliza kwa sauti ya chini kama kuna mwenye chaja. Simu imezima siku tatu, nyumbani hawajui mtoto kama yu hai.

Tangu siku hiyo tunabeba sabuni ya kufulia, vocha, na dada mmoja anakuja na pawabenki mbili. Kwa aliyeruhusiwa tunatafuta nauli. Biskuti hatukuziacha, watoto wanazipenda.

Niliyewahi kupokea

Nimesoma nikaona bora na mimi niseme. Nimelelewa na bibi, Igoma. Nikiwa darasa la sita kanisa moja lilitutembelea, sitalitaja. Walileta unga, mafuta na sukari, na njaa ilikuwepo kweli, kwa hilo nawashukuru mpaka leo. Lakini niliambiwa nikiinue kiroba juu nitabasamu, nikapigwa picha, picha ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Wenzangu wa darasani walisali palepale. Hadi namaliza la saba jina langu lilikuwa Kiroba.

Mwaka uliofuata mama mmoja wa jumuiya yetu alikuja siku mbili kabla ya sikukuu, akampigia bibi magoti, akamwambia, "Mama, nina wageni wengi na mkono wako kwenye pilau naujua. Njoo unisaidie." Bibi akaenda na kisu chake. Alishinda kule anamenya vitunguu saumu na kuamrisha wasichana, na mimi nikala mezani pamoja na watoto wa nyumba ile. Jioni tulirudi na sufuria imejaa. Bibi alilisimulia lile pilau mpaka alipofariki, na kila mara alisimulia namna *alivyopika*.

Naombeni sana, picha acheni.

Mdau wa Misungwi

Kwaya yetu huwa inakwenda kwenye kambi ya wazee kule Bukumbi, baadhi yao waliwahi kuugua ukoma. Kifupi: bebeni nyembe na vikatia kucha. Mzee asiye na vidole kamili hawezi kujikata kucha mwenyewe, na kuomba anaona haya. Mmoja niliyemkata alikuwa ananiimbia Kisukuma mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu, hadi nikamaliza na wa pili.

Mleta uzi

Nawashukuru wote. Wewe wa Igoma nimekusoma mara mbili. Nimeshauliza kwenye kundi la kamati, na mwaka huu simu za kupiga picha hazitatolewa mwaloni. Ripoti itaandikwa kwa kalamu.

Ndugu wa Ukerewe, tuna katoni mbili za daftari zimebaki. Naweza kuzipakia kwenye meli ya Nansio wiki ijayo. Watoto ni wangapi, na wa madarasa gani?

Mdau wa Ukerewe

Ubarikiwe, ndugu yangu. Wa darasa la kwanza ni kumi na mmoja. Wa kidato cha kwanza ni watatu, na hao wanatakiwa kaunta buku. Nitakuwa bandarini mwenyewe.