Naomba ushauri: bangili za kanga zinafumuka

Habari zenu ndugu zangu. Niko Ngamiani, Tanga. Cherehani sina, na sindano hatupatani tangu shuleni. Nina fulana kuukuu na kanga chakavu za marehemu bibi, nikaona nizigeuze mapambo.

Fulana hazinisumbui. Nakata utepe wa upana wa vidole viwili, nauvuta, unajikunja wenyewe kama kamba. Nikisuka mitatu napata mkufu. Shida ni kanga. Nazungushia utepe wake kwenye bangili za plastiki kwa gundi nyeupe ya maseremala, siku ya kwanza zinapendeza hasa. Wifi yangu alivaa moja harusini. Biriani halijaletwa, nyuzi zinaning'inia mkononi kama ndevu za mahindi! Niliona aibu mimi.

Nikajaribu kuchoma kingo kwa mshumaa, kama tunavyofanya kamba za nailoni. Pamba haiyeyuki, inaungua tu. Pindo la bibi likaingia doa jeusi.

Sasa, nipake gundi kwanza, ikauke, ndiyo nikate? Au nikunje kingo kwa ndani? Na gundi gani inavumilia jasho la huku pwani? Zimebaki kanga mbili tu, naogopa kuzigusa.