Laptop inawaka ila kioo giza tupu, kesho naipeleka kwa fundi. Nijiandae vipi?

Binti Kihonda:
Habari zenu wakuu. Laptop yangu ni HP. Tangu juzi nikiiwasha feni inavuma, kitaa cha Caps Lock kinawaka, ila kioo giza tupu. Kesho napanda SGR kutoka Morogoro, kuna fundi wa Kariakoo nimeelekezwa. Ndani kuna ripoti yangu ya utafiti, sura nne, na picha za marehemu baba ambazo sina pengine popote. Mwaka juzi nilipeleka simu kwa fundi ikarudi imefutwa kila kitu, nililia wiki nzima. Nifanye nini kabla ya kuikabidhi?

Mzee wa Solda:
Pole sana binti yangu. Bonyeza Caps Lock. Kama kitaa kinawaka na kuzima, mashine iko hai, huenda kilichokufa ni kioo au waya wake. Tafuta waya wa HDMI, chomeka kwenye TV, weka TV isome HDMI. Ikigoma, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, shuka kwa mshale mara moja, kisha Enter. Ikionekana, hamishia kila kitu kwenye diski ya nje leo leo. Halafu fungua mafaili mawili matatu kwenye kompyuta nyingine uhakikishe yanafunguka. Watu wanakopi hawaangalii, kilio kinakuja baadaye.

Shemeji wa Tabata:
Akikuomba nywila muulize ya nini. Kioo kikishabadilishwa, ule ukurasa wa kuandikia nywila ukionekana inatosha, hana haja ya kuingia ndani. Na WhatsApp ya kwenye kompyuta itoe kupitia simu yako, pale kwenye vifaa vilivyounganishwa.

Nimeumizwa:
Mimi nilipeleka ikiwa na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8, ikarudi na GB 4, nikakosa cha kumwonesha. Piga picha mashine pande zote, na ile stika ya chini yenye namba zake. Muandikishane kwenye karatasi: tatizo, bei, ulichoacha. Chaja baki nayo. Mwambie asibadilishe kifaa kingine chochote kabla hajakupigia. Ningekuwa wewe, hata diski ya ndani yenye mafaili ningeitoa.

Mzee wa Solda:
Nyongeza muhimu. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli la Windows la kulinda mafaili, fundi akigusa bodi inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Usipokuwa nao, picha za baba ndiyo basi tena. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, ukiukuta unakili.

Binti Kihonda:
Nimeazima waya kwa jirani. TV ikachukua kama dakika nzima, mara baba huyo hapo, kakaa chini ya mwembe, ndiyo picha niliyoiweka mbele ya kompyuta. Mama akaacha kuchambua mchele akaja kusimama karibu. Nimehamisha yote, sura ya tatu nimeifungua steshenari na imefunguka. Tarakimu 48 nimeziandika kwenye daftari. Mungu awabariki sana. Mzee wangu, diski niitoe au niiache?

Mzee wa Solda:
Iache. Skrubu za HP nyingi zimejificha chini ya zile raba za miguu, ukizibandua vibaya hazishiki tena. Kaa na fundi akifungua.