Maziwe: nanga nitupe wapi?

Wakuu, nina mashua hapa Ushongo, Pangani, nimeanza kupeleka wageni Maziwe, lile fungu la mchanga baharini. Juzi nanga ilinasa kwenye matumbawe. Nikaivuta, ikaja na tawi zima. Niliona haya! Nyie mnatupa wapi?

— Mdogo wangu, kwenye mchanga mtupu. Baharia azame kwanza na miwani. Na nenda maji yakitoka. Yakijaa, fungu lote linafunikwa. Zamani palikuwa na mivinje pale, siku hizi hata kivuli hupati. Ndiyo maana mayai ya kasa huhamishiwa bara, yasizame.

— Ada ya hifadhi lipa kabla, eneo limetengwa tangu 1975. Na wageni wasisimame juu ya matumbawe, hata wakikuongeza bakshishi.

— Asante kaka. Hiyo ya bakshishi imenigusa, jana nilinyamaza.