Walatino wanajipangaje mpaka mabosi wanawasikiliza? Sisi tunakwama wapi

Mpemba_wa_Kusini:
Habari zenu wakuu. Niko Marekani, majimbo ya kusini, napiga kazi kiwanda cha kuku. Kwenye laini yetu Waswahili wengi ni ndugu zetu wa Kongo waliokuja kwa ukimbizi, waliobaki karibu wote watu wa Guatemala na Mexico. Sasa wenzetu hawa mtu akikatwa masaa kwenye malipo au akiumia mkono, jioni washakutana, kesho yake wanaenda watano sita pamoja kwa supavaiza na wanasikilizwa. Sisi kila mtu kivyake au ananyamaza. Na kuna wengine kati yao hata makaratasi hawana, sisi tunayo! Naomba mwenye kuwajua aniambie wanaanzaje, nani anawaongoza, na je mtu anaweza kufukuzwa maana nina familia nyumbani inanitegemea.

binti_mwera:
Pole na kazi kaka. Mimi nimeishi Florida, nitakuambia habari za Immokalee, ni mji mdogo wa wachuma nyanya, Wamexico, Waguatemala na Wahaiti. Walianza 1993, kikundi kidogo tu kinakutana kila wiki kwenye chumba walichoazimwa na kanisa. Chama chao kinaitwa Coalition of Immokalee Workers. Na usidhani walikuwa wanaelewana lugha, maana Waguatemala wengi kule wanaongea lugha zao za Kimaya, Kispanyola chenyewe kwao cha kujifunza, na Wahaiti wana Krioli yao. Kwahiyo walitumia michoro na maigizo, mtu hajui kusoma lakini akiona mchoro wa msimamizi anapunja ndoo anaelewa palepale na anaanza kusimulia yaliyompata yeye, hapo mkutano ndo umeanza. Wana na redio yao.

1995 waligoma mji mzima, 1998 sita kati yao wakafunga kula mwezi mzima. Halafu wakagundua kitu muhimu sana, kwamba mwenye shamba naye anabanwa bei na makampuni makubwa yanayonunua nyanya, kwahiyo ukimkaba yeye peke yake hufiki mbali. Ndo 2001 wakaanza kususia Taco Bell, kampuni ya migahawa ya vyakula vya haraka, wakidai senti moja zaidi kwa kila ratili. Inaonekana kidogo eeh? Ndoo ni ratili 32 na walikuwa wanalipwa kama senti 40 na kitu kwa ndoo, sasa piga hesabu. Miaka minne, 2005 kampuni ikakubali, 2007 McDonald's, 2008 Burger King. Leo kuna mpango mzima, mfanyakazi ana namba ya kupiga akidhulumiwa na shamba likikiuka linapoteza wanunuzi. Nawaheshimu sana wale watu.

Mzee_Kigamboni:
Naongezea hapo kwa binti. Kabla yao kuna César Chávez na Dolores Huerta, waliounda chama cha wafanyakazi wa mashambani kule California. 1962 Chávez alihamia mji wa Delano, hakuanza na mgomo hata kidogo, alizunguka nyumba kwa nyumba, familia moja inaita majirani sebuleni wanaongea shida zao, njia aliyofundishwa miaka kumi nyuma na Fred Ross, mtu aliyekuwa anawaunganisha wananchi mitaani. Ada ilikuwa dola 3.50 kwa mwezi, pesa nyingi kwa mtu wa shamba, lakini ukifiwa chama kinasaidia mazishi, baadae wakawa na kama SACCOS yao ya kukopeshana. Mgomo wa zabibu ulikuja 1965 na walioanza ni Wafilipino, kina Chávez wakaungana nao siku chache baadae, mikataba mingi wakaja kupata 1970. Sasa mdogo wangu niambie, nyie hapo hamchangiani msiba? Mnachangiana. Basi watu mnao tayari, na mweka hazina mnaemwamini mnae, anzeni hapohapo.

nuru_254:
Sawa wazee lakini tuwe wakweli, Immokalee wanafunzi wa vyuo na makanisa walibeba mzigo mkubwa, walikuwa wanafukuza Taco Bell kwenye vyuo vyao. Wafanyakazi peke yao wangechoka. Na kususia kunataka jina ambalo mlaji analijua, kuku wa kiwanda chenu anauzwa kwa jina gani hata?

binti_mwera:
@nuru_254 kweli walisaidiwa, ila waliokuwa wanaamua ni wachumaji wenyewe, wanafunzi walikuwa wanafuata. Hapo ndo vikundi vingi vinakufa, msaidizi akishakuwa bosi.

Mpemba_wa_Kusini:
Asanteni sana jamani. Msiba kweli tunachanga, tena vizuri tu, sikuwahi kuliwaza hivyo. Na la kufukuzwa?

Mzee_Kigamboni:
Ile sheria ya kazi ya Marekani ya 1935 inawalinda wafanyakazi wa makampuni binafsi wakidai malipo au hali bora kwa pamoja, hata bila chama. Watu wa mashambani na wa kazi za ndani waliachwa nje, ndo maana Immokalee walihangaika vile, lakini nyie wa kiwandani mmo. Neno kubwa ni PAMOJA, ukienda peke yako kwa shida yako tu ulinzi ni mdogo. Mabosi wakorofi bado wanavunja sheria kwahiyo andikeni tarehe, nani alisema nini, picha za stabu (karatasi) za mshahara, msiziache kwenye simu ya mtu mmoja. Na kabla hamjaenda kwa supavaiza ongeeni na hao Waguatemala, tafuteni mmoja anaejua Kiingereza kila upande, mwende wote siku moja.