Ultrasaundi inasema wiki 8 na siku 2, mume alikuwa Mirerani. Naombeni mnisaidie kuhesabu

MamaMtarajiwa_Pasua
Habari zenu wapendwa, naombeni msaada maana nyumbani hakukaliki. Niko Moshi, mume wangu yuko machimboni Mirerani, alikuja Krismasi tarehe 22 Desemba tukapanda wote Rombo kwao, akarudi kazini tarehe 5 Januari. Hedhi yangu ya mwisho ilianza tarehe 12 Desemba, hiyo nina uhakika nayo kwa sababu huwa naweka alama kwenye kalenda ya ukutani. Mzunguko wangu mrefu, siku 33. Januari sikuziona siku zangu, nikapima mkojo, mistari miwili, tukafurahi wote.

Sasa tarehe 13 Februari nimeenda kliniki nesi kaandika kwenye kadi wiki 9, kujifungua 19 Septemba. Siku hiyohiyo nikapiga ultrasaundi wakasema wiki 8 na siku 2, kujifungua 23 Septemba. Moyo wake nimeuona unadunda pale kwenye kioo, nikalia kwa furaha, nikapiga picha ile karatasi nikamtumia baba yake WhatsApp. Kimya mpaka usiku. Ndo ananipigia ananiambia nimerudi nyuma wiki 8 na siku 2 nimefika tarehe 17 Desemba, na tarehe 17 mimi nilikuwa shimoni, sa hiyo mimba ya nani? Mama mkwe naye kahesabu ya kwenye kadi kafika tarehe 12. Jamani tarehe 12 si ndo nilikuwa nablidi! Sijatembea na mwanaume mwingine, Mungu anaona. Nani kakosea, nesi au mashine?

Shangazi_Kijenge
Pole sana mwanangu, usilie, unalia na huyo mtoto. Subiri wanaojua waje.

MkungaMstaafu
Mwanangu hakuna aliyekosea, si nesi si mashine. Wiki za ujauzito hazihesabiwi kuanzia siku mliyokutana, zinahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yani mama akiwa hana mimba kabisa. Tunafanya hivyo kwa sababu siku ya hedhi mama anaikumbuka, siku yai linapopevuka hakuna anayeliona. Kwa hiyo kwenye zile wiki 40, 2 za mwanzo tumboni hamna kitu. Na ultrasaundi ni hivyohivyo, wanampima mtoto urefu kuanzia kichwani hadi matakoni halafu mashine inatoa wiki kwa hesabu ileile ya hedhi, zile wiki 2 zimo tayari.

Sasa chukua ile kalenda yako. Hiyo 17 Desemba aliyofika mumeo, ongeza siku 14. Ni 31 Desemba, na mumeo alikuwa kwako. Ukipitia kwenye hedhi unafika palepale, maana yai hupevuka kama siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, sio siku 14 baada ya ile iliyopita, hapo wengi wanachanganya. Mzunguko wa 33 toa 14 inabaki 19, na 12 Desemba ukiongeza 19 ni hiyohiyo 31. Sisemi ni usiku wa 31 wenyewe. Mbegu za baba zinaweza kuishi ndani hadi siku 5, yai linaishi kama siku moja tu, kwa hiyo mnaweza mkakutana tarehe 27 mimba ikatunga 31, na kipimo chenyewe kinapishana siku 5 hadi 7. Bado uko ndani ya likizo yake.

Zile tarehe mbili za Septemba zisikusumbue. Nesi katumia hesabu ya Naegele, daktari Mjerumani wa zamani: hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudisha miezi 3. Inamchukulia kila mama ana mzunguko wa siku 28. Wako umezidi kwa siku 5, na wiki 9 ukitoa wiki 8 na siku 2 ni siku 5.

BabaWawili_Ngaramtoni
Dada mi nilifanya hesabu kama ya mumeo kwa mtoto wetu wa kwanza, nilikuwa naendesha lori, nikamnunia mke wangu wiki nzima hajui kakosa nini, mpaka nesi mmoja aliponikalisha na kadi tukahesabu wote. Hiyo wiki inaniuma mpaka leo. Usimtumie meseji ndefu, hatasoma. Mwambie aje mwende kliniki pamoja, akisikia kwa mtaalamu ataelewa.

NeemaK
Mi nashauri arudie ultrasaundi mimba ikifika miezi 8, mtoto akiwa mkubwa watapima vizuri zaidi.

MkungaMstaafu
Hapana Neema, ni kinyume chake. Kipimo cha tarehe ni cha mwanzo, kabla ya wiki 14, watoto wote wanakua karibu sawa. Miezi 8 mmoja mnene mwingine mwembamba, tarehe inaweza kupishana hata wiki 3. Hiyo karatasi ya Februari itunze kwenye kadi, usiipoteze.

Na mwambieni baba mapema, mtoto akija tarehe 5 Septemba asianze kuhesabu upya. Wiki 37 hadi 42 ndo muda wa kujifungua, wanaojifungua tarehe yenyewe ni kama 1 kati ya 20. Ila ukipitisha wiki 41 usikae nyumbani kusubiri uchungu, nenda hospitali wakuangalie.

MamaMtarajiwa_Pasua
Mkunga Mungu akubariki. Nimempigia jana usiku, nikamwambia fungua kalenda ya simu, nenda tarehe 17, haya ongeza 14, namsikia anahesabu moja mbili tatu mpaka akanyamaza. Akasema mkesha wa mwaka mpya tulikuwa Rombo. Nikasema ndiyo. Akaniomba msamaha, anakuja Jumamosi na kliniki ijayo tunaenda wote. Mama mkwe bado hajanipigia.