"Nitalisemea bungeni": boma la darasa la awali limeota majani, wazazi wa kata yetu huku Tabora tumechoka

Wakuu, poleni na majukumu. Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe nikiteleza. Na mods naomba uzi huu msiutupe kule kwenye siasa, sizungumzii chama, nazungumzia watoto.

Niko Tabora, kata moja ya tumbaku. Wilaya sitaji, jimbo sitaji, maana mtendaji wetu anashinda humu kuliko ofisini kwake.

Darasa la awali la shule yetu lina watoto 94 na mwalimu mmoja. Kiwango cha serikali ni watoto 25 kwa mwalimu. Na huyo mmoja hata hajaajiriwa, ni binti wa kujitolea, tunamlipa sisi, buku (elfu moja) kila kaya kwa mwezi. Darasa lenyewe ni kivuli cha mwembe. Mvua ikija wanakimbilia darasa la kwanza, wanakaa sakafuni chini ya ubao, na mwalimu wa la kwanza anawaruka kama madimbwi ili aandike. Halafu Sera ya Elimu ya 2014 ndiyo iliyosema kila mtoto apite awali angalau mwaka mmoja. Hawa wamepita, ni kweli. Wamepita chini ya mwembe.

Sasa hao ni wa miaka mitano. Wa mitatu na minne ndio usiulize. Ambaye hajaishi kwenye tumbaku hajui: majani yakianza kuchumwa, mama anatoka alfajiri na anarudi giza limeingia. Mtoto anaachiwa dada yake wa miaka tisa, ambaye naye siku hiyo shule basi, au anabebwa shambani. Majani mabichi yenye umande yanapitisha nikotini kwenye ngozi. Mtoto anatapika, kichwa kinamuuma, sisi tunampa dawa ya malaria. Jioni analala kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku, pembeni ya moto. Mtoto wa jirani yangu ana kovu la mguu mzima kwa ajili ya hilo bani.

Ukienda elimu kuuliza habari za kituo cha kulelea watoto mchana, wanakwambia hao ni wa ustawi wa jamii. Ustawi wanakwambia leteni jengo tuje kukagua, tusajili. Jengo la nani? Na hapo kuna ile Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto (PJT-MMMAM), ya 2021/22 hadi 2025/26, ambayo ilitungwa hasa ili hizi idara ziache kurushiana mtoto kama mpira. Huku kwetu nimeiona kwenye fulana.

Tukasema hatutakaa tu. Wazazi na walimu wawili tukafyatua tofali, tukapandisha boma la vyumba viwili mpaka kwenye linta. Tulichoomba ni kupaua, mlango na mwalimu mmoja wa kuajiriwa. Tukaandika barua kwa mbunge, saini 61, wengine dole gumba. Barua ikarudi: haijapitia kwa mtendaji wa kijiji. Tukapitisha. Ikarudi: haijapitia kata. Tukapitisha. Mara ya tatu tukaambiwa iliyopo ni nakala, ilete halisi. Halisi mnayo nyinyi! Mwalimu mmoja akaitwa pembeni akaulizwa kama yeye ni mtumishi wa umma au mwanaharakati. Tangu siku hiyo kikaoni hasemi kitu, anaandika tu muhtasari, na simlaumu, ana watoto.

Mheshimiwa akaja mwezi wa tano. Jezi seti mbili, mipira miwili. Mama mmoja, mkulima, hajui kusoma, akasimama akaeleza yote bila kutetemeka, vizuri kuliko mimi niliyeandaa karatasi. Jibu: "Mama yangu, hili nimelichukua, nitalisemea bungeni." Makofi. Na mimi nilipiga, ndicho kinachoniuma.

Kwa sababu baadaye nilikaa na mzee mmoja aliyewahi kuwa diwani akanifungua macho. Hela ya kupaua boma lenu haianzii Dodoma. Inaanzia kwenye mpango wa kijiji, inapanda kata, inaingia rasimu ya bajeti ya halmashauri, madiwani wanaipitisha mwanzoni mwa mwaka, ndipo inapanda juu kusubiri Bunge la bajeti la Aprili mpaka Juni. Mwezi wa tano unaposimama kuniahidi utalisemea, mwaka mpya wa fedha unaanza Julai mosi na boma letu halimo hata kwenye mstari mmoja. Na mbunge ni mjumbe wa baraza hilo hilo la madiwani! Alikuwa na kiti mle. Zaidi ya hapo ana Mfuko wa Jimbo, hela za kuchochea maendeleo jimboni, kisheria tangu 2009, na mwenyekiti wa kamati yake ni yeye mwenyewe. Kwa hiyo alituambia atakwenda kuomba mbali kitu ambacho ufunguo wake uko mfukoni mwake.

Na msiniambie halmashauri maskini. Msimu wa masoko mnunuzi wa tumbaku analipa ushuru wa mazao asilimia 3, kila mtandao wa simu huku unajua hela zinavyotembea. Miongozo inataka sehemu ya mapato ya ndani iende kwenye maendeleo. Tumbaku ile ile inayomtapisha mtoto ndiyo inayolipa posho ya kikao ambacho mtoto hakutajwa.

Nyie wenye uzoefu, hasa walimu na wajumbe wa kamati za shule: kuna kata iliyowahi kubana mpaka boma lake likaingia kwenye rasimu? Mlimbana nani, mwezi gani, mlienda wangapi? Wale wa "kuwa mzalendo" piteni tu, nimewazoea.

NYONGEZA: kuna mdau kauliza kwa nini tusichange tukapaue wenyewe. Mkuu, buku ya mwalimu mwezi huu imetoka kwa kaya 19. Yule binti kaniaga jana, kapata kazi ya kuuza duka Nzega.