Kikomo cha michango ya kampeni hakitoshi kumpa maskini sauti

Hoja inayorudiwa sana tunapojadili fedha na siasa ni kwamba sheria ikishaweka kikomo cha michango ya kampeni, tajiri na maskini watakuwa na uzito sawa mbele ya mwanasiasa. Naipinga hoja hiyo, ingawa shabaha ya wanaoitetea ni yangu pia, kwa sababu kikomo humpunguzia nguvu mwenye nyingi lakini hakimwongezei chochote asiye na cha kutoa.

Nchini Brazili, Mahakama ya Juu ilipiga marufuku michango ya makampuni mwaka 2015, hatua inayostahili pongezi. Hata hivyo, mtu binafsi anaruhusiwa kuchangia hadi asilimia 10 ya mapato yake ya mwaka uliotangulia, na hivyo anayepata mara elfu zaidi ya mwenzake anaweza kutoa mara elfu zaidi, tena kwa baraka za sheria.

Ufaransa imekwenda mbali zaidi, na ndiyo inayonisikitisha zaidi. Makampuni yamezuiwa kuchangia tangu mwaka 1995, na mtu mmoja hawezi kuvipa vyama zaidi ya yuro 7,500 kwa mwaka. Lakini mchangiaji hupunguziwa kodi ya mapato kwa kiasi cha asilimia 66 ya alichotoa, kwa hiyo mchango wa yuro 7,500 unaweza kumgharimu yuro 2,550 tu, na yuro 4,950 zinazosalia zikabebwa na hazina ya umma. Mwenye kipato kidogo, asiyefikia kiwango cha kutozwa kodi hiyo, hapati nafuu yoyote, ilhali naye hulipa kodi kila anaponunua bidhaa. Fedha za wote zinagharimia machaguo ya kisiasa ya wenye nacho.

Ninachopendekeza ni kuigeuza ruzuku hiyo. Wapiga kura wa jiji la Seattle, Marekani, waliidhinisha mwaka 2015 mpango unaompa kila mkazi mwenye sifa hati nne za dola 25 kila moja, zinazolipwa kwa fedha za umma, ili amkabidhi mgombea anayemtaka, na mgombea anayezipokea hukubali masharti makali zaidi ya michango na matumizi. Chini ya mpango huo, mgombea anayebisha hodi katika mtaa wa watu wa kipato cha chini ana cha kutafuta huko zaidi ya kura.

Wapo wanaosema fedha za umma hazipaswi kwenda kwenye siasa wakati huduma za msingi zina upungufu. Nawaelewa, lakini mwanasiasa aliyegharimiwa na wachache huja kuwalipa kwa misamaha ya kodi na zabuni, na gharama hiyo huangukia hazina ileile.

Pingamizi zito zaidi ni la matumizi ya nje ya kampeni, yaani fedha ambazo makampuni na makundi hutumia yenyewe kumpigia debe mgombea bila kupitia kwake. Uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 2010, katika kesi ya Citizens United, uliyaruhusu makampuni ya Marekani kutumia fedha bila kikomo kwenye kampeni, mradi yasishirikiane na mgombea, na katika uchaguzi wa baraza la jiji hilohilo la Seattle mwaka 2019 kampuni ya Amazon ilitoa zaidi ya dola milioni 1 kwa kamati iliyofanya matumizi ya aina hiyo. Hati za wananchi haziwezi kuuziba mwanya huo. Mahali ambapo katiba hairuhusu kuuziba, sheria ilazimishe angalau majina ya watoaji na viwango vyao yatangazwe kabla ya siku ya kupiga kura.